Mbio za Sakafuni

Wiki ya kwanza nilipoanza kujogi, mzee mmoja wa Kibokoni aliniita kutoka barazani kwake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, giza bado halijaisha, na yeye ametoka msikitini ameshika kikombe cha kahawa. Nikasimama. Mji wa Kale mtu mzima hakuiti ukapita tu.

"We kijana, wamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, ami. Nafanya zoezi tu."

"Zoezi." Akalitafuna lile neno kidogo. "Haya. Mbio za sakafuni hizo. Wajua zaishia wapi?"

Nilijua. Zaishia ukingoni. Nani hajaandikia insha methali hiyo darasa la saba? Ila ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia nikiwa kweli nakimbia, tena kisiwani, ambapo ukiongeza dakika kumi tu za mbio bahari iko mbele yako.

Ni karibu miaka miwili sasa nalibeba swali la yule mzee, na limeniharibia usomaji. Siwezi tena kusoma kitabu cha mbio bila kuuliza: huyu anamkimbia nani, na nani amemruhusu apite? Hapa nataka kuzungumzia vitabu hivyo, na ramani za simu zinazofuata mkondo wao, na njia za kukimbia za Mombasa ambazo kwenye vyote viwili hazimo. Dai langu ni kwamba uandishi wa mbio, hata ule mzuri, unaichukulia njia kama umbali na mandhari na hali ya hewa. Kwetu njia ni watu kwanza. Usipowaandika hao, njia hujaiandika.

*

Kiswahili chenyewe kinamshuku mtu anayekimbia. Kitenzi ni kimoja. Anayekimbia kwa raha zake na anayekimbia panga, wote wanakimbia. Ukitengeneza nomino unapata mkimbiaji na mkimbizi, watoto wa tumbo moja. Ukikimbilia kwa mtu, mara nyingi unatafuta hifadhi. Kwa hivyo mzee hakuwa na ubaya aliponiuliza. Aliuliza kile ambacho lugha inamwambia aulize.

Fasihi yetu ya pwani nayo, hii niliyoisoma, imekaa barazani au imepanda chombo. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mvita na kufariki takriban 1840, ana vita, ana mapenzi, ana mambo ya mji. Waliomfuata wana safari na kungoja kwingi. Mtu wa kufunga kamba za raba na kutoka nje kwa starehe zake simkumbuki hata mmoja. Nikitaka kusoma kuhusu kitu ninachofanya kila asubuhi, nalazimika kwenda kwa wengine.

Wa kwanza ni Adharanand Finn, mwandishi Mwingereza, na kitabu chake Running with the Kenyans cha 2012. Finn alihamia Iten na mke na watoto wake kwa miezi kadhaa ili aishi na wakimbiaji na ajue siri yao. Ni kitabu cha mtu mnyenyekevu. Anapigwa mbio na kila mtu, anakubali, na mwisho anafanya jambo la uungwana: anakiri kwamba siri moja haipo, kuna mambo mengi yaliyoshikana. Nilikipenda. Nilikisoma kwa siku mbili kwenye simu, betri ikiisha naiweka chaji naendelea.

Tatizo ni lile neno la kwenye jalada, "Wakenya". Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mimi naishi kwenye usawa wa bahari, kihalisi. John Bale na Joe Sang walikwisha kueleza mwaka 1996, katika kitabu chao cha kitaaluma Kenyan Running, kwamba hawa wanaoitwa wakimbiaji wa Kenya wanatoka sehemu chache sana za nchi, hasa Bonde la Ufa. Lakini jina likishatoka limetoka. Binamu yangu aliye Dubai anauza simu dukani, na kukimbilia basi tu kwake ni mtihani. Kila mwaka kazini kwao kukiwa na mbio za hisani, jina lake linaandikwa la kwanza bila yeye kuulizwa. Si Mkenya? Basi akimbie.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Huko Iten swali la yule mzee halina maana. Mji mzima unajua kwa nini mtu anakimbia. Unakimbia kwa sababu mbio ni kazi na zinalipa, na jirani yako alikwenda Ulaya akarudi akajenga. Mgeni akivaa viatu akatoka, njia imeshafunguliwa na maelfu waliomtangulia. Finn hakuhitaji kuomba ruhusa ya barabara, na kwa hivyo kitabu chake hakijui kwamba barabara inaombewa ruhusa. Simlaumu. Lakini kitabu kile kikiwa ndicho kipimo cha "mbio za Kenya", basi sisi wa huku chini tunabaki bila lugha.

Wa pili ni Haruki Murakami. Kile kitabu chake kidogo kuhusu kukimbia kilichotoka Japani mwaka 2007 kina sura moja ambayo ingeweza kuwa ya Mombasa. Julai 1983 alikimbia kutoka Athens hadi Marathon, njia ile ya hadithi ya kale lakini kinyumenyume, kwenye jua la kiangazi la Mediterania, malori yakimpita pembeni. Anahesabu mbwa na paka waliogongwa barabarani. Anaota bia baridi kiasi kwamba ile ya kweli, alipoipata, haikuifikia ile ya ndotoni. Mwili ameuandika vizuri mno, chumvi ikikauka kwenye ngozi, hasira isiyo na sababu inayokupanda kilomita za mwisho. Hasira hiyo naijua. Huja karibu na kivuko cha Likoni saa moja unusu, jua likishapanda.

Lakini soma sura ile tena uangalie wenyeji. Ni wachache. Kuna bahari, kuna lami, kuna mwili wa mtu mmoja, na watu wa njia ile wanapita kwa mbali kama nguzo za stima. Murakami mwenyewe anasema wazi kwamba anapenda kuwa peke yake, na ni haki yake. Ila upweke huo ni kitu unachopewa na mahali. Mgeni kwenye barabara kuu ya Ugiriki anaupata bure. Mimi nikipita Ndia Kuu asubuhi siupati hata nikiulipia, kwa sababu hapo kuna watu wanaomjua babu yangu.

Na paka, kama mnataka kujua, huku ni wazima. Saa hiyo wamejaa upande wa soko la samaki kwenye uwanja wa bandari ya zamani, wala hawakupishi.

*

Kuna siku moja dunia ya mbio ilikuja kisiwani kwetu yenyewe. Jumamosi tarehe 24 Machi 2007, Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, mara ya kwanza kwa Kenya. Uwanja ulikuwa ule wa gofu ulio kando ya Mama Ngina, bahari ikionekana. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Ami yangu alinibeba mabegani nami sikuona kitu ila migongo na miavuli, na mara moja tu, kwa kitambo kidogo, miguu mingi ikipita.

Kilichotokea siku hiyo kimeandikwa sana. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio zote mbili za wanaume, fupi na ndefu, kwa miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006. Hapa Mombasa, kwenye mzunguko wa mwisho wa zile kilomita 12, alisimama. Zersenay Tadese wa Eritrea akapita akachukua ushindi. Upande wa wanawake Lornah Kiplagat, aliyezaliwa Kenya na kukimbilia Uholanzi (hili neno nalo!), alimshinda Tirunesh Dibaba. Wengi waliacha njiani siku ile kwa sababu ya joto.

Ripoti za siku hiyo ukizisoma leo zina mhusika mkuu mmoja naye ni joto. Joto limemwangusha fulani, unyevu umemmaliza fulani. Mombasa yenyewe inaingia kama mvizio, kama mtu aliyejificha nyuma ya mbuyu na rungu. Hakuna anayeuliza watu wa hapa wanaishi nalo vipi. Wangeuliza wangeambiwa kwamba mji huu umepanga saa zake zote kwa ajili ya jua: kazi za nguvu mapema, adhuhuri ndani, jioni nje hadi usiku. Wangeonyeshwa pia wale ambao hawana nafasi ya kupanga. Hamali anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji saa saba mchana, na ikifika mteremko anakimbia kweli, mbele ya mzigo, kwa sababu asipokimbia utampita juu. Hizo nazo ni mbio za masafa marefu, na hakuna mwandishi wa michezo aliyewahi kumshikia saa.

Ninachokumbuka mimi ni sauti. Watu mbele yetu walianza kupokezana neno moja kuja nyuma. Ameacha! Ameacha! Ami akarukaruka nami juu. Sikujua nani ameacha nini, nikashangilia pia.

Miaka mingi baadaye neno hilo lililisikia tena sikio langu, safari hii jikoni kwetu, mamangu akizungumza na khalati kwa sauti ya chini. "Ameacha." Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikarudi nyumbani na begi, na sikurudi tena kule. Sababu zilikuwa za pesa kwanza, halafu zikawa za moyo. Kwenye orodha za matokeo ya mbio, aliyeacha huandikiwa herufi tatu za Kiingereza zinazomaanisha hakumaliza, na muda wake hauwekwi. Nyumbani hawakuniandikia kitu. Waliacha tu kuniuliza.

Bekele alirudi mwaka uliofuata, huko Edinburgh, akashinda tena. Simtaji ili niwape moyo. Mimi sijarudi. Namtaja kwa sababu kila nikipita pale kwenye uwanja wa gofu nakumbuka kwamba kuna watu elfu kadhaa walimwona mtu bora duniani akisimama, wakafurahi, nami nikiwemo.

*

Turudi kwenye njia. Siku hizi njia haiandikwi tena kwenye vitabu, inaandikwa kwenye simu. Unavaa saa au unashika simu mkononi, satelaiti inakufuata, ukimaliza unapata mstari wa rangi juu ya ramani. Mistari ya watu wengi ikiwekwa pamoja, palipo na wakimbiaji wengi panang'aa. Huo nao ni uandishi, na unastahili kuhakikiwa kama uandishi mwingine.

Fungua ramani ya namna hiyo utazame Mombasa. Mstari mnene ni Mama Ngina. Nina sababu ya kuupenda. Upepo upo, mibuyu ipo, meli kubwa zinapita Kilindini karibu kiasi kwamba unasoma majina yake. Pahali pale palijengwa upya pakafunguliwa Oktoba 2019, sherehe za Mashujaa zilipofanyika papo hapo, na sasa lami ni safi na kuna pa kukaa. Mstari mwingine unavuka daraja la Nyali kwenda kule kwenye mahoteli. Halafu angalia Mji wa Kale. Pamefifia. Kisiwa kizima ni kama kilomita za mraba 14, na sehemu yake kongwe zaidi kwenye ramani za wakimbiaji ni kama haipo.

Sababu moja ni ya kiufundi. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu, na kuta zinaurudisha mtambo wa satelaiti kama mpira. Simu inachanganyikiwa. Mimi programu yangu imeshaniambia kwamba nimepenya ukuta wa Msikiti wa Mandhry, na siku nyingine kwamba nimekimbia mita mia mbili juu ya maji ya bandari ya zamani. Kasi yangu siku hiyo ilikuwa ya rekodi ya dunia. Nilipiga picha nikaituma kwa marafiki.

Sababu ya pili satelaiti haiijui. Mji wa Kale huwezi kukimbia bila kusimama. Kuna baraza, na barazani kuna watu, na watu wanasalimiwa. Ukipita mbio na spika zako za masikioni bila salamu, jioni nyumbani kwenu wameshaambiwa. Programu nayo inaona kila kusimama kama kasoro. Inaniuliza kama nimemaliza. Inanipunguzia wastani. Nikimsalimu mzee wa Kibokoni, nikamjibu habari ya mamangu, nikapokea dua, hiyo ni dakika moja na nusu ya hasara kwenye hesabu yake.

Kwa hivyo wengi wa rika langu wanaoishi humu wanatoka kwa kutembea, wanavuka Ngomeni, wanafika barabara pana, ndipo wanabonyeza kitufe cha kuanza. Ramani inaandika kwamba Mji wa Kale haukimbiwi. Ukweli ni kwamba wakimbiaji wake wamejifunza kutojiandika wakiwa humo. Halafu mwenye kuandika mwongozo wa wageni anaitazama ramani hiyo hiyo, anashauri watu wakimbie Mama Ngina, na kuhusu Mji wa Kale anasema ni mzuri kwa kupiga picha.

*

Dada yangu mkubwa amekikimbia kisiwa hiki kwa miaka mingi kuniliko. Ni yeye aliyeninunulia raba za kwanza, za mtumba, saizi moja zaidi. Nilipoanza kufikiria makala hii nilimwomba anichoree njia yake kwenye karatasi. Nilitarajia mstari. Alichonipa ni mji mwingine.

"Hapa kuna taa," akasema akiweka nukta. "Hapa taa imekufa tangu Mfungo Tatu. Hapa duka lafunguliwa mapema, mwenyewe anijua. Hapa ni kwa khalati, mlango haufungwi. Hapa wakaa wale mabarobaro." Akaweka alama ya mkato. "Hapa mimi huongeza mwendo, si kwa zoezi."

Anatoka na buibui juu ya nguo za mazoezi. Akifika Mama Ngina analivua, analikunja, analitia mkobani, na anakuta wanawake wenzake wengi tu, wengine wanatembea, wengine wanakimbia na buibui lao, raba zikionekana chini. Anarudi kabla jua halijawa kali na kabla barabara haijajaa. Mwezi wa Ramadhani anahamia usiku, baada ya tarawehe, kwa sababu wakati huo mji wote uko nje, wauza viazi karai na kachri wako kazini, taa zimewaka, na mwanamke anayepita mbio hashangazi mtu. Ni mwezi wake bora wa mazoezi, jambo ambalo kitabu chochote cha mafunzo kingesema haliwezekani.

"Hapa mimi huongeza mwendo, si kwa zoezi." Nimeitafuta sentensi kama hiyo kwa Finn, sikuipata. Kwa Murakami kuna pahali huko Cambridge, Marekani, ambapo wasichana wa chuo wanampita kwa kasi kando ya mto na yeye anazitazama nywele zao zikiyumba. Ni kifungu kizuri, chepesi, kina ucheshi wa mtu aliyekubali uzee. Lakini wasichana wale wameona nini njiani kabla ya kumfikia, kitabu hakisemi. Kwa dada yangu, mkimbiaji na mkimbizi hubadilishana kila baada ya mitaa miwili. Ramani yake ya penseli ndiyo maandishi bora kuhusu mbio za Mombasa niliyowahi kuyasoma, na iko kwenye droo yangu, imekunjwa mara nne.

Ramani yangu mimi ina alama zangu. Mombasa imepita miaka ambayo kijana wa kiume anayekimbia gizani alikuwa mashaka kwa pande zote. Wakaazi walidhani ni genge, na polisi walidhani vivyo hivyo. Mpaka leo siendi na kofia ya kufunika uso hata kukinyesha. Sikimbii nyuma ya mtu. Nikimkuta mwanamke peke yake mbele yangu, navuka upande wa pili mapema, au natembea hadi apinde kona. Nikipita karibu na Ikulu, pale barabara inapokwepa ufuo, nashusha mwendo, mikono ionekane. Hakuna aliyenifundisha haya kwa maneno. Lakini nikiyatoa kwenye maelezo ya njia yangu nabaki na bahari na mibuyu, na mtu asiye wa hapa atadhani nilikuwa natalii.

Mwenzangu mmoja mwandishi aliisoma rasimu ya makala hii akanipinga. Alisema ninataka kila kitabu kiwe cha siasa, na kwamba kuna thamani ya mtu kusahau dunia kwa saa moja. Ana hoja. Mimi mwenyewe nilianza kukimbia ili nisahau. Nilichagua alfajiri kwa sababu saa hiyo hakuna anayeuliza "chuo vipi?" Kama yule mzee angeniuliza vizuri zaidi, "wayakimbia maswali ya nani?", ningemjibu kwa orodha. Raha ya kusahau ninaijua, na sitaki kumnyima mtu. Ninachosema ni kwamba mwandishi akisahau dunia, msomaji anayeishi kwenye dunia hiyo anaona pengo. Na sisi tumesoma mapengo mengi.

Tena nisije nikapaka sukari. Si kila baraza ni dua. Kuna mabaraza ya kejeli, kuna wazee wanaomtazama dada yangu vibaya kisha wanatoa mawaidha. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya mjini, Mji wa Kale ukiwemo, yapakwe nyeupe na buluu, na tangu hapo picha zetu mitandaoni zimekuwa safi mno. Maandishi ya mbio yasije yakafanya kazi ya rangi hiyo. Kama taa imekufa, iandikwe imekufa.

*

Basi niandike njia yangu, kwa namna ambayo ningependa njia ziandikwe.

Natoka Kibokoni baada ya alfajiri. Mita mia za kwanza natembea, kwa sababu mlango wa jirani una mgonjwa na vishindo vinamwamsha. Barazani kwa mzee nasimama. Salamu, habari za nyumbani, dua. Naingia Ndia Kuu, naenda polepole, chini kunateleza, maji ya kuoshea vibaraza yameshamwagwa. Watu wawili wa salamu, mmoja wa kupunga mkono. Nakata kwenda Mbarak Hinawy, napita Mandhry, nafika uwanja wa bandari ya zamani. Hapo nazunguka paka na wavuvi. Kuna mmoja hunipigia kelele niongeze kasi, kila siku, na kila siku naongeza hadi aache kuniona.

Narudi hadi Ngomeni. Kuta hizi Wareno walizianza 1593, na chini yake asubuhi kuna vijana wanaofanya pushapu. Tunapeana mkono. Kuanzia hapa barabara ni pana na nabonyeza kitufe. Napita upande wa Kizingo, nashusha mwendo Ikulu, naingia Mama Ngina, na sasa nakimbia kweli, uwanja wa gofu mkono wa kulia, bahari kushoto. Nikirudi na mwendo ukiwa mzuri, napita tena Ngomeni nafuata ukingo wa maji upande wa pili hadi daraja la Nyali lionekane. Siku nyingi mwendo si mzuri.

Programu huandika kilomita saba na kitu. Haiandiki za mwanzo, wala kule kusimama.

Wiki iliyopita mzee hakuwepo barazani. Nilipita mara ya kwanza nikadhani amechelewa. Niliporudi bado, nikagonga. Mjukuu wake akatoka, akasema babu ana homa tu, amelala, ila ameuliza tangu alfajiri kama yule kijana wa mbio amepita. Nikaingia nikakaa naye mpaka saa mbili. Hatukuzungumza mengi. Aliniuliza nakimbia mpaka wapi siku hizi, nikamtajia, na yeye akanihesabia majina ya kale ya kila pahali nilipopataja, moja moja. Mengine nilikuwa siyajui, nikayaandika kwenye simu, kwenye ile sehemu ambayo programu hukuwekea ya kuandika "zoezi lilikuwaje".